Slurm: foleni inayokumbuka ulichokula wiki iliyopita

Wenye haraka wachukue hili waondoke: nyota nne kati ya tano. Kama taasisi yenu ina seva kadhaa zinazogombewa na idara zaidi ya moja, fungeni Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi, kwenye seva hizo, na mjipe muda wa kuipanga. Kama seva ni moja na nyinyi ni watatu mnaokaa chumba kimoja, elewaneni tu kwa mdomo.

Nyota moja nimeibana. Sababu yake ni ndefu, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mimi si mtu wa mifumo, ni mtu wa ng'ombe. Nasoma vinasaba vya ng'ombe wetu wa kienyeji, Ankole, Boran na wengine, kutafuta nani anavumilia ugonjwa gani na kwa nini. Data ya mnyama mmoja ikitoka kwenye mashine ya kusoma DNA ni makumi ya gigabaiti, na kuipanga juu ya jinomu rejea kwa programu ya bwa ni kazi ya saa tatu na ushee kwenye kori 16, yaani vitengo 16 vya hesabu ndani ya prosesa. Sasa zidisha kwa ng'ombe 120. Kompyuta ya mezani itazeeka nayo. Kwa hiyo natumia klasta ya taasisi, yaani seva zilizounganishwa, nodi tano (kila nodi ni seva moja) tulizozipa majina ya milima: meru, hanang, uluguru na usambara ni za kawaida, kori 64 kila moja, ya tano, rungwe, ndiyo yenye GPU mbili, prosesa za kufanya hesabu nyingi kwa mpigo. Tunaochangia ni sisi wa mifugo, watu wa hali ya hewa wanaoendesha modeli ya utabiri ya WRF, na vijana wa picha za setilaiti ambao hizo GPU wanaziona kama urithi wa baba yao.

Kabla ya Slurm mgao ulifanyika kwenye grupu la WhatsApp. "Naomba meru usiku wa leo." "Meru ina mtu, dada, jaribu hanang." Unaingia hanang, unakuta kuna mtu hakusema chochote na anakula memori yote, kazi yako inakufa saa nane usiku na ya kwake pia. Asubuhi grupu zima ni mafumbo na emoji. Nayasema haya ili msomaji ajue nalinganisha na nini.

Slurm yenyewe ni programu ya kugawa kompyuta. Inapokea maombi ya watu, inayapanga, inaamua nani aingie nodi ipi na saa ngapi, na inamtoa muda wake ukiisha. Ilianza kuandikwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika maabara ya Lawrence Livermore kule California. Mwaka 2010 wawili kati ya waandishi wake, Morris Jette na Danny Auble, walianzisha kampuni ya SchedMD ya kuitunza na kuuza msaada wa kitaalamu. Desemba 2025 NVIDIA ilitangaza kuinunua kampuni hiyo. Mimi hilo naliangalia kwa jicho moja, maana mwenye kuuza GPU sasa ndiye anayemshika pia mgawaji wa GPU, lakini leseni ni GPL toleo la 2 na msimbo uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Mashine kubwa kabisa kama Frontier ya Oak Ridge na LUMI ya Ufini zinaongozwa na Slurm hiihii unayoweza kuifunga kwenye seva zako mbili za mtumba. Kichekesho ni kwamba Livermore penyewe ilikozaliwa, mashine yao ya El Capitan inaendeshwa na Flux, mdogo wake wa nyumba hiyohiyo.

Matumizi ya kila siku ni mepesi kuliko sifa yake. Unaandika skripti ya kawaida ya bash, juu yake unaweka mahitaji yako, unaitupa kwa sbatch, unakwenda kunywa chai. Ya kwangu ya ng'ombe inaanza hivi:

#SBATCH --account=mifugo
#SBATCH --cpus-per-task=16
#SBATCH --mem=40G
#SBATCH --time=05:00:00
#SBATCH --array=1-120%8

Mstari wa mwisho ndio ulionifanya niipende. Skripti moja, ng'ombe 120, kila mmoja anapata namba yake kupitia SLURM_ARRAY_TASK_ID na kuchukua faili lake. Ile %8 ni adabu: wasiingie zaidi ya wanane kwa mpigo, wenzangu nao wapumue. Namba 73 ikianguka kwa sababu faili lake limeharibika, naitupa 73 peke yake. Zamani nilikuwa na kitanzi cha bash kilichokwama hapohapo hadi nirudi kazini.

Ukitaka kujua umefika wapi kwenye foleni, unaandika squeue. Herufi R, kazi inakwenda. Herufi PD, inasubiri, na pembeni kuna sababu. Hapa mgeni aangalie vizuri, maana sababu mbili zinafanana kwa mbali na zina maana tofauti kabisa. Ukiona Resources, wewe uko mbele, unangoja nafasi tu itoke. Ukiona Priority, kuna watu mbele yako. Wa kwanza anaweza kusubiri ofisini. Wa pili aende nyumbani.

Sasa haki, maana ndipo ugomvi wetu ulipokuwa.

Ukimuuliza mtu foleni ya haki ni ipi, atakwambia aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Kwenye klasta utaratibu huo unaua. Mmoja anaamka alfajiri, anatupa kazi 500, anarudi kulala. Sisi wengine tunafika saa mbili asubuhi na tayari wiki yetu imekwisha. Slurm inatumia kumbukumbu badala yake. Kila akaunti inapewa mgao, na kila sekunde ya kori unayotumia inaandikwa kwenye hifadhidata kupitia programu mwenza inayoitwa slurmdbd. Uliyekula kuliko mgao wako unashuka, ambaye hajaonja anapanda. Na deni halikai milele. Kwa mpangilio wake wa kawaida, kila siku 7 matumizi ya zamani yanahesabiwa nusu: saa 1,000 za kori ulizokula leo zitahesabika 500 wiki ijayo, 250 wiki ya pili, 125 ya tatu. Kwa hiyo mwenye tasnifu ya kukabidhi mwezi huu anaweza kula sana, akafunga mdomo wiki chache, na hesabu ikamrudia vizuri bila kumpigia mtu magoti.

Fomula ya zamani ya alama hii ni fupi hadi inaingia mgongoni mwa bahasha: 2 kwa kipeo cha hasi ya matumizi gawanya kwa mgao. Aliyetumia sawasawa na mgao wake anapata 0.5. Aliyetumia mara mbili, 0.25. Ambaye hajagusa kitu, 1. Lakini tangu toleo la 19.05 inayokuja ikiwa tayari ni njia nyingine, Fair Tree, yaani mti wa haki, waliyoibuni Ryan Cox na Levi Morrison wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, na hii inahitaji kuelezwa taratibu kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha.

Sisi tuligawana hivi: hali ya hewa 40, mifugo 35, picha 25. Tuseme katika matumizi yanayokumbukwa sasa hivi, hewa wamekula asilimia 60, sisi 30, vijana wa picha 10. Fair Tree inagawanya mgao kwa matumizi: picha wanapata 2.5, sisi 1.17, hewa 0.67. Kisha inawapanga watu. Watu wote wa picha kwanza, halafu watu wote wa mifugo, halafu watu wote wa hewa. Wote, bila kujali ndani ya idara nani kala na nani kakaa na njaa. Hilo linaangaliwa baadaye, wakishindanishwa wao kwa wao. Kwa hiyo binti wa mazoezi aliyepokelewa na watu wa hewa, hajawahi kutupa kazi hata moja, alama yake ya mgao iko chini yangu mimi niliyeendesha ng'ombe wiki nzima. Alinifuata na simu mkononi, matokeo ya sshare, amri inayoonyesha migao na matumizi, yakiwa kwenye skrini: "Dada, shikamoo. Hivi mimi nimekosa nini?" Hakukosa kitu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Je, ni haki? Nimebishana na watu kuhusu hili hadi chakula kikapoa. Msimamo wangu ni kwamba kwa taasisi, ni haki. Mgao ulipewa idara, na idara ndiyo iliyochangia fedha za seva. Ingekuwa kila mtu mpya anaanza na alama safi juu ya wengine, idara yenye ujanja ingeandikisha wanafunzi kumi kila muhula na kupitisha kazi za mkubwa kwa majina yao. Fair Tree inaziba tundu hilo. Ila kwa yule binti haikuwa na maana yoyote, na hakuna fomula ndani ya mti ule itakayomsaidia. Dawa tuliyoipata iko nje yake: tabaka dogo la huduma la majaribio, yaani QOS, kori 4 na dakika 30 tu, lenye kipaumbele cha juu kuliko kila kitu. Mgeni anajifunza leo, hangoji wakubwa wamalize kulipa madeni yao.

Na hapa ndipo nyota ilipobanwa. Haki yote hii niliyoimwagia sifa haiji ikiwa imewashwa. Kipaumbele cha kazi ni jumla ya vitu vingi: mgao, umri wa kazi kwenye foleni, ukubwa wake, sehemu ya klasta, tabaka la huduma, kila kimoja kinazidishwa kwa uzani, na kila uzani unaanza na 0. Ukiifunga Slurm ukaiacha ilivyokuja, una foleni ya aliyetangulia iliyovaa suti. Mwongozo unaeleza, siwezi kusema wameficha, lakini unaeleza katika kurasa nyingi zinazoelekezana, na mtu wa mifumo aliyepewa kazi hii Ijumaa jioni hatazifikia zote. Nimeona klasta ya kituo kingine ambako watu walikuwa wanalalamikia "upendeleo wa Slurm" kwa miaka, kumbe uzani wa mgao ulikuwa sifuri tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na upendeleo. Hapakuwa na mgao.

Zile 40, 35 na 25 nazo Slurm haikupi. Kikao chetu cha kuzipata kilikuwa kirefu kuliko kazi ya kufunga programu yenyewe. Mzee wetu wa hali ya hewa alitaka nusu nzima, na hoja yake ilikuwa nzito: "Wanangu, mvua haiwasubiri ng'ombe wenu." Kijana wa picha akajibu kwa heshima zote kwamba GPU zisihesabiwe humo kabisa. Tulimaliza jioni. Kinachonifurahisha ni kwamba tangu siku hiyo hakuna anayembembeleza kijana wa mifumo amruke mwenzake. Namba ziko kwenye sshare, kila mtu anaziona, na asiyezipenda aitishe kikao kingine.

Upande wa ufanisi Slurm imeniridhisha zaidi ya upande wa haki. Chukua mfano wa saa sita mchana. Mzee anataka nodi nne kwa mpigo kwa ajili ya WRF, na yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni. Tatu ziko tupu, ya nne ina kazi itakayokwisha saa kumi na mbili jioni. Mgawaji mjinga angeziacha nodi tatu zipige miayo kwa saa sita. Mgawaji mwenye huruma ya kijinga angeruhusu kila kazi ndogo iingie, na Mzee angesubiri hadi Pasaka. Slurm inamwekea Mzee nafasi yake saa kumi na mbili, kisha inachungulia nyuma ya foleni: nani ameomba muda usiozidi saa sita? Wewe uliyeomba saa tano, ingia. Wewe wa saa saba, subiri. Mbinu hii ya kujaza mianya ilielezwa na David Lifka wa maabara ya Argonne mwaka 1995 kwa ajili ya mashine ya IBM SP, na hadi leo sijaona iliyo rahisi kuielewa kuliko hiyo yenye faida kubwa kama hiyo.

Inategemea ukweli wa watu lakini. Ng'ombe wangu wanachukua saa tatu na ushee, naandika tano, na mara nyingi wanapenya mchana kweupe wakati wengine wamekaa PD. Jirani yangu anaandika siku saba kwa kila kitu, hata kwa kazi ya dakika arobaini, "isije ikakatwa." Halafu ananiuliza nina nani ndani. Sina mtu ndani, kaka, nina saa tano. Wapo pia wasioandika muda kabisa, na hao wana msiba mkubwa zaidi, kwa sababu kama mwenye klasta hakuweka DefaultTime, muda wa asiyetaja muda, Slurm inawapa muda wa juu kabisa unaoruhusiwa kwenye sehemu hiyo ya klasta. Kwetu ni siku saba. Hakuna mwanya wa siku saba duniani.

Kuna chaguo moja ambalo karibu hakuna anayelitumia, --time-min. Unasema nataka saa kumi, ila hata nne zitanitosha. Slurm inapunguza muda wako ukae kwenye mwanya uliopo. Linafaa kwa kazi inayohifadhi hatua zake njiani. Kwa kazi isiyohifadhi, liache, maana muda ukiisha unakatwa: ishara ya kwanza ya kukuomba ufunge, sekunde 30, kisha unazimwa bila mjadala.

Memori ndiyo inayowatia watu wengi hasara bila kujua. Ukiiacha Slurm na hesabu yake ya awali, deni lako linapimwa kwa kori tu. Mtu anaomba kori 1 na memori yote ya nodi, nodi nzima inafungwa kwa wengine, na kwenye daftari anaandikiwa kori 1. Ni abiria aliyelipa siti moja ya daladala wakati magunia yake yamejaza nyuma yote. Watafiti wa Berkeley, Ali Ghodsi na wenzake, walilitolea jibu zuri mwaka 2011: mhesabie kila mtu kwa kile anachokitumia kwa wingi zaidi. Mfano wao ni wa mfumo wenye CPU 9 na memori gigabaiti 18. Kazi za wa kwanza zinataka CPU 1 na gigabaiti 4 kila moja. Za wa pili CPU 3 na gigabaiti 1. Ukiwapa wa kwanza kazi tatu na wa pili kazi mbili, mmoja ameshika gigabaiti 12 kati ya 18, mwingine CPU 6 kati ya 9. Wote theluthi mbili ya kile kinachowauma. Slurm inaweza kukaribia hapo ukiandika TRESBillingWeights (bei ya kila rasilimali) na kuwasha MAX_TRES (iliyo kubwa zaidi ndiyo inayohesabiwa), na nashauri mfanye hivyo siku mnayonunua GPU ya kwanza. Kwetu ilipowashwa, vijana wa picha waligundua kwa mara ya kwanza kwamba rungwe ina bei.

Kuna shimo jingine jirani na hilo. Mtumiaji asipotaja memori, na mwenye klasta hajaweka DefMemPerCPU, memori ya kawaida kwa kila kori, Slurm inamkabidhi memori yote ya nodi. Akiwa ameomba kori 4 tu, zile 60 zinabaki wazi na hakuna anayeweza kuzigusa. Ukiona squeue imejaa watu wanaosubiri huku sinfo inakuonyesha nodi zenye kori tele, anza kutafuta hapo.

Kwa kujipima mwenyewe kuna seff, skripti ya nyongeza ambayo naiona ni bora kuliko nusu ya amri rasmi. Unaipa namba ya kazi iliyokwisha, inakwambia ulitumia kiasi gani cha ulichoomba. Ukiona ufanisi wa CPU ni kama asilimia 3.1 kwenye kori 32, usihangaike kutafuta hitilafu ya ajabu: asilimia 3.1 ni kori moja kati ya 32, programu yako haijui kutumia zaidi ya moja, na 31 ulizipangisha bure na deni lake liko kwa jina la idara yako. Ningekuwa na mamlaka, ningeifanya ijitume yenyewe kwa kila mtu kazi ikiisha.

Umeme. Waandishi wa Slurm, naamini, waliifikiria kwenye vyumba vyenye jenereta mbili. Kwetu nodi ikizimika ghafla na kurudi, Slurm haiiamini tena. Inaiweka DOWN hadi mtu aandike scontrol na kuirudisha kazini. Kuna kigezo cha kulegeza hilo, ReturnToService, ila nakubaliana na ukali wake, maana nodi iliyoanguka yenyewe huenda ina ugonjwa. Kero halisi ni saa. Nodi zinatambuana kwa programu inayoitwa munge, ambayo inakataa barua yoyote iliyopitwa na dakika tano. Seva ya mtumba yenye betri ya ubao iliyokufa inaamka ikidhani ni mwaka 2010, na kila inachosema kinakataliwa. Kijana wetu wa mifumo sasa ana utaratibu: umeme ukirudi anaangalia saa kwanza, ndipo anaangalia vingine. Kazi zilizokuwa kwenye nodi iliyokufa zinarudishwa kwenye foleni zenyewe, ambalo ni jema, lakini zinaanza mwanzo, kwani Slurm haikuhifadhii ulipofika. Kazi ya siku tatu isiyohifadhi hatua ni bahati nasibu, na kosa hilo si la mgawaji.

Nilichukizwa na kitu kidogo pia: kuwasiliana kwake. Ujumbe wa sababu kama AssocGrpCpuLimit hauna maana kwa daktari wa mifugo, na ule wa ReqNodeNotAvail unatokea katika mazingira mengi mno kiasi kwamba huwa namtumia tu kijana wa mifumo picha ya skrini. Makadirio ya squeue --start nayo usiyapangie safari. Kwa kuwa watu wanaandika muda mrefu kuliko wanaotumia, kazi huanza mapema kuliko ulivyoambiwa, na siku mtu mwenye alama nzuri akiingia mbele yako, huanza baadaye.

Mbadala? Kama hamna klasta ila mna maabara ya kompyuta za wanafunzi zinazolala usiku, HTCondor ya Chuo Kikuu cha Wisconsin imetengenezwa kwa hilo hasa, na ina kumbukumbu yake ya haki inayosahau haraka zaidi, nusu kwa siku moja. Ukienda Cape Town kwenye Lengau, mashine ya CHPC, kituo cha kompyuta kubwa cha Afrika Kusini, utakutana na PBS, mgawaji mwingine wa aina hii. Anayejua Slurm atazoea baada ya kuchanganya amri kidogo. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, nimeshauriwa na watu wengi wa programu za wavuti. Ni nzuri kwa huduma zinazotakiwa kuwa hewani muda wote. Foleni ya kazi za usiku zenye madeni na migao si kazi iliyozaliwa nayo, ingawa siku hizi kuna nyongeza kama Kueue.

Bei ni bure. Msaada wa kulipia upo kwa wenye bajeti. Sisi hatuna, tunaishi kwa mwongozo na subira. Kwenye Linux za Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa slurm-wlm. Kile kinachoitwa slurm peke yake ni programu nyingine kabisa ya kuangalia kasi ya mtandao, msije mkashangaa haitaki kupanga foleni. Na mkishaifunga, kabla hamjamfungulia mtu yeyote akaunti, wekeni vitu vitatu kwenye slurm.conf, faili la mipangilio yake: DefaultTime ya saa moja, DefMemPerCPU inayolingana na memori yenu, na PriorityWeightFairshare iliyo kubwa kuliko sifuri.